Mwenye Meli Aliyetetea Kufungwa kwa Bandari: Tafakari juu ya William Gray wa Salem

Katiba ya jimbo la Massachusetts ya mwaka 1780, ambayo sehemu yake kubwa iliandikwa na John Adams na ambayo ingali inatumika hadi leo pamoja na marekebisho yake mengi, ilimtaka mtu anayewania ugavana awe na ardhi yake mwenyewe ndani ya jimbo, yenye thamani isiyopungua pauni 1,000, na ikamtaka naibu wake atimize masharti hayohayo ya mali, dini na makazi. Mpiga kura wa kawaida naye, licha ya kuwa mwanamume aliyetimiza miaka 21, alipaswa kuwa na ardhi inayomwingizia pauni 3 kwa mwaka au mali ya namna yoyote yenye thamani ya pauni 60. Masharti hayo hayakuwekwa kwa kificho wala kwa aibu, kwani watunzi wake waliamini kwa dhati kwamba mtu asiye na cha kupoteza hawezi kukabidhiwa mambo ya umma, na kwamba mwenye mali, kwa kuwa maslahi yake yamefungamana na ya nchi, atakuwa mwangalifu kwa nchi kama alivyo mwangalifu kwa bohari yake. Imani hiyo ndiyo iliyowafungulia wafanyabiashara milango ya utawala katika majimbo ya kaskazini. John Hancock, aliyerithi biashara ya ami yake mjini Boston, alikuwa gavana wa kwanza chini ya katiba hiyo. Elbridge Gerry, ambaye jamaa zake walisafirisha ng'onda kutoka Marblehead hadi Hispania, alishika kiti hicho mwaka 1810. Na katika jimbo jirani la New Hampshire, John Langdon, mwenye meli wa Portsmouth, aliongoza kwa vipindi kadhaa.

Jina la William Gray ni dogo kuliko ya hao watatu. Hakutia saini Azimio la Uhuru, hakuketi katika mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1787 uliotunga Katiba ya Marekani, na cheo chake cha juu kabisa kilikuwa unaibu gavana wa jimbo kwa miaka miwili. Hata hivyo yeye ndiye anayestahili kutafakariwa kwa kina kuliko wenzake, kwa sababu ni katika maisha yake kwamba ile imani ya katiba juu ya mwenye mali iliwekwa kwenye mizani hadharani. Mwaka 1808, wakati serikali ya Marekani ilipozifungia meli zote za nchi bandarini, hapakuwa na watu wengi katika pwani nzima ya New England wenye hasara kubwa ya kuhofia kuliko Gray, na bado akasimama upande wa serikali.

Gray alizaliwa mwaka 1750 katika mji wa Lynn, uliosifika kwa mafundi viatu, na baba yake alikuwa mmoja wa mafundi hao. Alipelekwa Salem akiwa bado mtoto na kuwekwa mwanagenzi, yaani kijana anayefunzwa kazi kwa kumtumikia bwana wake, kwanza kwa Samuel Gardner na kisha katika ofisi ya Richard Derby, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa bandari ile. Elimu aliyoipata huko haikuwa ya vitabu vya falsafa bali ya daftari za mahesabu, hati za shehena, bei za sukari na chumvi, na barua za manahodha waliokuwa mbali miezi mingi bila habari. Ni elimu inayodharauliwa kwa urahisi na wasomi, lakini humfunza mtu mambo mawili ambayo wanasiasa wengi huyakosa: kuamua bila kuwa na habari kamili, na kukubali kwamba uamuzi sahihi unaweza kuleta hasara. Meli inaweza kuwa nzima, nahodha stadi na soko zuri, na bado upepo ukaipeleka mwambani.

Mtoto wa fundi viatu alifungua biashara yake mwenyewe wakati wa Vita vya Uhuru, zama ambazo Salem ilikuwa ikipeleka baharini meli za watu binafsi zilizopewa kibali cha serikali cha kuteka meli za adui na kuuza shehena zake. Vita vilipokwisha mwaka 1783, Uingereza iliwafungia Wamarekani sehemu kubwa ya masoko waliyoyazoea katika visiwa vya Karibi, na wafanyabiashara wa Salem wakalazimika kutafuta njia za mbali zaidi. Meli za jamaa ya Derby zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Canton na Bahari ya Hindi. Nahodha Jonathan Carnes alileta pilipili manga moja kwa moja kutoka Sumatra katika miaka ya 1790. Na mwaka 1799 mabaharia wa mji huo wakaunda chama kilichowapokea wale tu waliowahi kusafiri kama manahodha au wasimamizi wa shehena kuipita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Pembe. Gray alikuwa katikati ya shughuli hizo zote. Meli zake zilikwenda Urusi kuchukua chuma na katani ya kusokotea kamba, zilikwenda India na China, zilikwenda Ulaya ya kusini, na kufikia mwaka 1807 inakadiriwa kwamba karibu robo ya uzito wa meli zote za Salem ilikuwa yake peke yake.

Utajiri huo hauwezi kuelezwa kwa haki bila kutazama shehena zenyewe. Ng'onda duni wa New England, wale ambao wanunuzi wa Ulaya waliwakataa, walipelekwa Karibi kuwa chakula cha watumwa katika mashamba ya miwa, na meli hizohizo zikarudi na molasi, sukari na kahawa iliyovunwa na mikono ya watumwa hao. Massachusetts ilikuwa imewakataza raia wake kushiriki katika biashara ya watumwa tangu mwaka 1788, na utumwa wenyewe ulikuwa umekufa jimboni humo kutokana na hukumu za mahakama za miaka ya 1780, lakini bandari zake ziliendelea kuishi kwa mazao ya utumwa wa mahali pengine. Mfanyabiashara wa Salem aliweza kulala akiwa na dhamiri tulivu kwa kuwa mjeledi ulikuwa ng'ambo ya bahari. Jambo hili halimhusu Gray peke yake, wala halimfanyi kuwa mbaya kuliko majirani zake, ila ni lazima litajwe mapema, kwa sababu mjadala wote juu ya uadilifu wake wa kisiasa unasimama juu ya sakafu iliyojengwa kwa mali ya namna hiyo.

Kisa cha mwaka 1808 kilianzia Ulaya. Uingereza na Ufaransa ya Napoleon zilikuwa vitani, na kila upande ulitaka kumnyima mwenzake biashara ya bahari. Kwa Amri ya Berlin ya mwaka 1806 na Amri ya Milan ya mwaka 1807, Napoleon alitangaza kwamba meli yoyote itakayofanya biashara na Uingereza au kukubali kukaguliwa nayo ni halali kutekwa. Uingereza nayo, kwa maagizo ya Baraza la Mfalme, ikatangaza karibu jambo hilohilo dhidi ya wanaokwenda bandari za Ufaransa. Meli ya Kimarekani iliyotii amri ya mmoja ikawa imevunja amri ya mwingine. Juu ya hayo, jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na desturi ya kusimamisha meli za Marekani na kuwachukua kwa nguvu mabaharia waliodaiwa kuwa raia wa Uingereza waliotoroka, na tarehe 22 Juni 1807 manowari ya Kiingereza Leopard iliipiga mizinga manowari ya Kimarekani Chesapeake karibu na pwani ya Virginia na kuwachukua mabaharia wanne.

Rais Thomas Jefferson hakutaka vita, wala hakutaka kunyamaza. Tarehe 22 Desemba 1807 alitia saini sheria ya imbago, yaani marufuku iliyokataza meli za Marekani kuondoka kwenda bandari yoyote ya nchi za nje. Hoja yake ilikuwa kwamba Ulaya inahitaji nafaka, pamba na mbao za Marekani kuliko Marekani inavyohitaji bidhaa za Ulaya, na kwamba kuzinyima nchi hizo biashara kungezilazimisha kuheshimu haki za nchi isiyopigana. Matokeo yake yalionekana haraka kwa Wamarekani wenyewe. Mauzo ya nje, yaliyofikia takriban dola milioni 108 mwaka 1807, yalishuka hadi takriban dola milioni 22 mwaka uliofuata. Katika bandari za New England milingoti ilisimama mitupu gatini, mafundi wa meli na wasokota kamba walikosa kazi, mabaharia walihamia kwenye meli za Uingereza au wakakaa bila riziki, na Salem yenyewe ililazimika kugawa supu kwa maskini wake. Magendo yalistawi kupitia mipaka ya Kanada na ghuba za Maine, na serikali ikajibu kwa sheria kali zaidi za ukaguzi, hadi wale waliopigania uhuru dhidi ya maofisa wa forodha wa mfalme wakajikuta wakilalamikia maofisa wa forodha wa jamhuri yao wenyewe.

Salem iligawanyika. Upande mmoja walikuwapo Wafederali, chama cha waliotaka serikali kuu yenye nguvu, fedha imara na maelewano na Uingereza, ambacho kiliungwa mkono na wafanyabiashara wengi wa New England. Upande wa pili walikuwapo Warepublikani wa Jefferson, ambao wasichanganywe na chama chenye jina linalofanana kilichoanzishwa katika miaka ya 1850, na ambao mjini humo waliongozwa na jamaa ya Crowninshield, nao pia wenye meli. Timothy Pickering, Seneta wa Massachusetts na mzaliwa wa Salem, aliandika barua ya wazi mapema mwaka 1808 akiituhumu marufuku hiyo kuwa ni njama ya kuisaidia Ufaransa. Gray alikuwa Mfederali kwa miaka yote hiyo, na kila mtu alitarajia kwamba mwenye meli mkubwa kuliko wote mjini angeipa barua hiyo uzito wa jina lake. Badala yake alitangaza kwamba anaiunga mkono marufuku.

Hoja zake, kadiri zinavyofahamika, hazikuwa za mtu wa ndoto. Meli zilizobaki bandarini hazikuweza kutekwa na Waingereza wala Wafaransa, na mtu aliyekuwa na meli nyingi baharini alijua vizuri kuliko wanasiasa hatari iliyokuwa ikizingoja huko nje. Sheria ilikuwa imepitishwa na Bunge la Marekani kwa mamlaka halali, na raia aliyefaidika na ulinzi wa serikali katika miaka ya neema hakuwa na haki ya kuikana katika mwaka wa shida. Uamuzi wake, basi, ulichanganya hesabu ya mfanyabiashara na wajibu wa raia, na hakuna sababu ya kuvitenganisha viwili hivyo kwa nguvu ili kupata shujaa safi au mnafiki kamili. Watu hutenda kwa sababu zilizochanganyika. La maana ni kwamba zilipopimwa zote pamoja, uamuzi ulimgharimu.

Ulimgharimu kwanza katika heshima. Wafederali wa Salem, ambao jana walikuwa wakila naye, walieneza habari kwamba anaunga mkono marufuku kwa kuwa inamtajirisha, kwamba amejaza bohari zake bidhaa za nje ambazo sasa bei zake zimepanda, na kwamba uzalendo wake ni biashara nyingine tu. Shutuma hiyo ilimuuma kiasi cha kumfanya ajibu hadharani gazetini mwaka 1808, akikana kwamba amepata faida na akieleza kwamba mali yake imepungua tangu sheria ianze. Ni jambo la kusikitisha, na la kufikirisha pia, kwamba tajiri aliyeamua kinyume cha maslahi yake alidhaniwa papo hapo kuwa ana maslahi yaliyofichika. Walioandika katiba ya 1780 walitaka mwenye mali aaminiwe kwa sababu ya mali yake. Majirani wa Gray walikataa kumwamini kwa sababu hiyohiyo. Kama angeipinga marufuku, wangemsifu kwa ujasiri, ingawa upinzani huo ndio hasa ungekuwa sauti ya mfuko wake.

Hapa kuna jambo ambalo wasifu wa kawaida wa Gray hulipita upesi, nalo ni tofauti kati ya hasara inayochaguliwa na hasara inayoletwa. Gray alipoteza, lakini alikuwa na nyumba, bohari, akiba na mikopo kwa watu wengi, na meli zake zilikuwa zikingoja tu siku ya kufunguliwa. Baharia aliyepanga chumba karibu na gati, fundi aliyelipwa kwa siku, mjane aliyeuza mikate kwa mabaharia, wote hao walipoteza kilicho kidogo kwa jumla na kikubwa kwao, na hakuna aliyewauliza. Wengi wao hawakufikisha zile pauni 60 zilizotakiwa kwa mpiga kura. Kwa hiyo hawakuwa na sauti katika kumchagua anayeipigia kura sheria, wala yule anayeipinga. Moyo wa Gray wa kuvumilia hasara ni wa kuheshimiwa, lakini si hoja ya kuonyesha kwamba sheria ilikuwa nzuri. Sheria yenyewe ilishindwa: Uingereza haikulegeza maagizo yake kwa ajili yake, Napoleon aliitumia kama kisingizio cha kukamata meli za Kimarekani zilizokuwa Ulaya, na mwanzoni mwa Machi 1809, siku chache kabla ya Jefferson kuondoka madarakani, ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na sheria nyepesi iliyozuia biashara na Uingereza na Ufaransa pekee.

Mwaka huohuo wa 1809 Gray aliihama Salem, mji uliomlea na kumtajirisha, akaenda kuishi Boston. Kuhama huko kulikuwa pigo kwa mji kuliko kwake, kwa kuwa pamoja naye ziliondoka ajira, mitaji na sehemu ya shehena zilizokuwa zikipakuliwa kwenye gati za Salem. Katika kipindi hicho alikutana kisiasa na mtu mwingine aliyeadhibiwa kwa kosa lilelile. John Quincy Adams, mwana wa mtunzi wa katiba ya jimbo, alikuwa Seneta wa Massachusetts aliyechaguliwa na Wafederali. Alipoiunga mkono marufuku, Bunge la jimbo lilimchagua mrithi wake, mfanyabiashara wa Boston James Lloyd, miezi mingi kabla ya wakati wake kwisha, na Adams akajiuzulu mwezi Juni 1808. Mwaka uliofuata Rais James Madison alimteua kuwa balozi nchini Urusi, na meli iliyombeba kutoka Boston mwezi Agosti 1809 ilikuwa Horace, mali ya William Gray; mwana wa Gray, Francis Calley Gray, alisafiri pamoja na balozi huyo kama mmoja wa wasaidizi wake. Katika safari hiyo biashara na siasa vilipakiwa katika ngama moja, kwani Urusi ilikuwa soko kubwa la Gray la chuma na katani, na kuwa na balozi rafiki katika mji wa St. Petersburg hakukuwa jambo dogo kwa mwenye meli. Anayetaka kuona uzalendo mtupu katika tendo hilo atakatishwa tamaa. Anayeona faida tupu atakuwa amesahau kwamba urafiki huo ulinunuliwa kwa hasara ya mwaka mzima.

Warepublikani wa Massachusetts hawakuchelewa kuona thamani yake. Chama kilichojinadi kuwa sauti ya wakulima wadogo, mafundi na mabaharia kilihitaji kuonyesha kwamba hakichukii bahari wala mtaji, na hapakuwa na uthibitisho mkubwa zaidi ya kumsimamisha tajiri wa meli aliyefukuzwa na matajiri wenzake. Katika uchaguzi wa Aprili 1810, Elbridge Gerry aliwania ugavana na Gray unaibu wake, na wote wawili wakashinda dhidi ya Wafederali waliokuwa madarakani. Kwa kuwa gavana alichaguliwa kila mwaka, mwaka 1811 waliwania na wakashinda tena. Kwa hiyo jimbo liliongozwa na wafanyabiashara wawili waliotoka katika wilaya moja ya Essex, mmoja wa Marblehead na mwingine wa Salem, miji inayotazamana ng'ambo ya bandari.

Kazi ya naibu gavana chini ya katiba ile haikuwa na fahari nyingi. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Gavana, chombo cha washauri ambacho ridhaa yake ilihitajika katika uteuzi wa majaji na maofisa na katika matumizi ya fedha za hazina, na alishika nafasi ya gavana pale gavana alipokosekana. Kwa mtu aliyezoea kuamuru meli kutoka Baltiki hadi Bengali kwa barua moja, vikao vya baraza lazima vilikuwa vya polepole. Lakini ni katika vikao vya namna hiyo kwamba mfanyabiashara hujulikana kama amekuwa kiongozi au bado anatafuta faida, maana hapo huombwa leseni za benki, mikataba ya madaraja na nafasi za forodha, na anayetoa saini huwa anawafahamu waombaji wote kwa majina.

Muhula wa pili wa Gerry ulichafuka. Warepublikani waliondoa Wafederali katika nyadhifa nyingi, na tarehe 11 Februari 1812 gavana alitia saini sheria iliyochora upya majimbo ya uchaguzi wa Seneti ya jimbo ili kura za wapinzani zirundikwe mahali pachache na za chama tawala zisambazwe kwa faida. Jimbo moja la uchaguzi katika Essex lilipinda kuzunguka ukingo wa wilaya nzima, likachorwa gazetini kama mnyama mwenye mabawa na kucha, na hadi leo Wamarekani huiita hila hiyo kwa jina la Gerry. Hila hiyo ilifanya kazi katika Seneti, ila haikumwokoa gavana mwenyewe, ambaye alishindwa mwezi Aprili mwaka huo. Ni vigumu kumwondolea Gray lawama yote ya serikali aliyokuwa naibu wake. Mtu aliyeona jinsi chama chake cha kwanza kilivyomwadhibu kwa kufikiri kivyake alikuwa na sababu kubwa kuliko wengine za kuhofia chama kinachotaka kutawala bila kushindana, na hakuna kinachoonyesha kwamba aliipinga sheria ile waziwazi. Hilo ndilo doa kubwa zaidi katika maisha yake ya kisiasa, kubwa kuliko lolote ambalo Salem ilimtuhumu.

Vita na Uingereza vilitangazwa tarehe 18 Juni 1812, na New England ya wafanyabiashara ilivichukia. Mabenki mengi ya Boston yalisita kuikopesha serikali kuu, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1814 wajumbe wa Wafederali walikutana katika mji wa Hartford kujadili malalamiko ya majimbo yao kwa lugha iliyokaribia kutishia muungano wenyewe. Gray alibaki upande wa serikali, na kumbukumbu za wakati ule zinamtaja miongoni mwa waliotoa fedha zao kuiandaa manowari Constitution ilipotia nanga Boston ikiwa na upungufu wa mahitaji, wiki chache kabla ya nahodha Isaac Hull kuishinda manowari ya Kiingereza Guerriere tarehe 19 Agosti 1812. Baada ya vita aliongoza tawi la Boston la Benki ya Pili ya Marekani, akaendelea na meli zake, na akafariki Boston tarehe 3 Novemba 1825. Mjukuu wake Horace Gray alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1898 ndiye aliyeandika hukumu iliyothibitisha kwamba mtoto aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Kichina ni raia wa nchi hiyo.

Kuna matokeo ya miaka ile ya bandari zilizofungwa ambayo Gray hakuyaishi na ambayo wasomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanayafahamu kwa namna yao. Marufuku na vita viliufanya mtaji wa New England utafute pa kukaa palipo mbali na hatari za bahari, na mwaka 1813 Francis Cabot Lowell na wenzake wakaunda kampuni ya Waltham iliyoweka kusokota nyuzi na kufuma nguo kwa mashine chini ya paa moja, ikitoa shuka nzito za pamba isiyopaushwa. Nguo za namna hiyo zilihitaji masoko, na meli za Salem, zilizokuwa zimepoteza nafasi yao kubwa mbele ya Boston na New York, zikazipeleka Unguja. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, ulitiwa saini mwaka 1833 ukiweka ushuru wa asilimia 5, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani kufika Unguja alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem. Kwa miaka mingi nguo hiyo ya Marekani, iliyoitwa merikani, ilivaliwa, ikatumika kama fedha katika njia za misafara ya bara, na ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi iliyopelekwa Salem kusafishwa na kutengenezewa vanishi. Pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na pembe zile mara nyingi zilibebwa hadi pwani na watu ambao wengine wao walikuwa watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya miaka 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, soko hilo likachukuliwa na wengine. Mnyororo huo haukupangwa na yeyote aliyeketi Massachusetts mwaka 1808, lakini unaonyesha jinsi sheria iliyotungwa kwa ajili ya ugomvi wa Ulaya ilivyoweza kufika hadi kwa mchukuzi wa Unyamwezi, ambaye naye hakuulizwa.

Hukumu juu ya Gray, basi, haiwezi kuwa moja. Alipotakiwa kuchagua kati ya mfuko wake na sheria ya nchi alichagua sheria, na akafanya hivyo mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumuumiza; jambo hilo halikufanywa na wafanyabiashara wengi wa zama zake, na linatosha kumweka juu ya wale waliomfukuza. Alipotakiwa kuchagua kati ya chama kilichompokea na uchaguzi wa haki, alinyamaza. Na imani iliyompa cheo, kwamba mwenye mali ndiye mlinzi bora wa umma, ilithibitishwa naye kwa nusu tu, kwa sababu yeye mwenyewe alionyesha kuwa mwenye mali anaweza kukubali hasara kwa ajili ya nchi, huku wasio na mali wakibeba hasara kubwa zaidi bila ya kura. Massachusetts iliirekebisha katiba yake mwaka 1821, miaka minne kabla ya kifo chake, ikaondoa sharti la pauni 60 kwa wapiga kura na kuweka ulipaji wa kodi mahali pake. Sharti la ardhi ya pauni 1,000 kwa gavana na naibu wake liliachwa katika katiba hiyo hadi mwaka 1892.